Mwongozo wa Nahodha wa Uhuru Park

Mombasa wana bahari. Kisumu wana ziwa lenye mawimbi, viboko na samaki. Nairobi tuna Uhuru Park. Jiji letu liko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, mwendo wa karibu kilomita 500 kutoka Mombasa, na lilizaliwa na reli mwaka 1899. Bandari hatujawahi kuwa nayo. Hayo yote hayajamzuia Mnairobi kuwa baharia. Sikukuu ikifika anateremka hadi kwenye ziwa dogo la kuchimbwa lililo ndani ya bustani, analipa, anapanda boti, anazunguka, kisha anashuka pale pale alipopandia. Hakuna chombo kingine jijini kinachokutoza pesa na kukuacha ulipokuwa, ukiondoa matatu ya saa kumi na mbili jioni kwenye Waiyaki Way.

Starehe hii huonekana rahisi, na hapo ndipo wengi wanapoiharibu. Wanafika kwa haraka, wanazunguka kwa haraka, wanarudi nyumbani wamechoka kuliko walivyotoka. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili yao. Ufuate hatua kwa hatua, na usiruke hata moja. Ukiruka, unaweza kuangukia majini.

Hatua ya kwanza: Chagua siku mbaya

Jumatano asubuhi ziwa huwa tulivu. Foleni haipo, boti zimefungwa gatini zikingoja mteja, na mhudumu ana muda wa kukueleza kila kitu. Usiende Jumatano. Starehe isiyo na mashahidi hakuna atakayeiamini.

Nenda siku ya Krismasi, au Mwaka Mpya, au Siku ya Jamhuri, wakati kila mkazi wa Nairobi ambaye hakupata nauli ya kwenda ushago ameamua kupitia hapo. Utapanga foleni ndefu pamoja na watoto waliochorwa nyuso za chui na kipepeo, akina mama wenye vikapu vya chapati, na vijana waliovalia miwani ya jua wakati wa mawingu. Wauzaji watakupitia mmoja baada ya mwingine: njugu, aiskrimu, baluni, mayai ya kuchemsha yaliyopasuliwa na kujazwa kachumbari. Nunua. Foleni ni sehemu ya safari, tena ndiyo sehemu iliyo ndefu zaidi.

Hakikisha una mtoto. Kama huna wa kwako, azima wa dada yako. Mtu mzima akionekana peke yake kwenye boti ya kukanyaga, watu walio ukingoni huanza kuulizana kama ameachwa. Akiwa na mtoto, husifiwa kwa kujitolea. Mtoto naye asikupe shida: atalia kwa sababu anataka kupanda, kisha atalia kwa sababu hataki kushuka. Kati ya vilio hivyo viwili mna nafasi ya kutosha ya kustarehe.

Hatua ya pili: Vaa nguo zisizopatana na maji

Viatu vyeupe vinafaa sana. Suti pia. Gauni refu linaloburura lina heshima yake, hasa wakati wa kuvuka kutoka gatini hadi ndani ya boti, maana huo ndio wakati ambao umati wote hukutazama.

Sababu ya kuvaa hivyo ni picha. Mpiga picha wa Uhuru Park alikuwapo kabla simu yako haijabuniwa. Fungua albamu ya familia yoyote iliyoishi Nairobi miaka ya sabini au themanini, na hutakosa picha hii: baba amevaa suruali yenye miguu mipana, mama amesimama wima, mtoto amekunja uso kwa jua, na nyuma yao jengo la mikutano la KICC, lililokamilika mwaka 1973, limejitokeza juu ya kichwa cha baba. Baba alilipa, akaandikiwa risiti, akangoja picha isafishwe, kisha akaituma kijijini ili wajue kwamba mjini kuna mambo. Wewe unapiga picha arobaini kwa dakika tatu na hakuna hata moja itakayochapishwa. Lakini endelea. Desturi ni desturi.

Baada ya kujipamba, utakabidhiwa jaketi la kuokolea, ambalo litaifunika suti yote. Hapa kejeli inapumzika kidogo: livae, lifunge kamba zote, na mtoto mfungie la saizi yake kabla hujafunga lako. Maji ya bustani huzamisha mtu vilevile kama maji ya Bahari Hindi, na hayajui kwamba umekuja kujiburudisha. Alivae meneja, alivae mlinzi wake. Hiyo ni faida nyingine ya boti: kwa dakika hizo chache, hakuna anayeweza kujua nani kati yenu ana gari.

Hatua ya tatu: Bishania bei kama mnunuzi wa meli

Bei hubadilika kwa msimu, kwa hiyo iulize kabla hujakanyaga boti. Ukishatajiwa, shtuka. Rudi nyuma hatua moja. Mwambie mhudumu kwamba mwaka juzi haikuwa hivyo.

"Mkubwa, hiyo ndiyo bei," atakujibu.

Mwambie mtoto ni mdogo, hana uzito. Mwambie hutaenda mbali. Hapo atakufundisha somo la kwanza la ubaharia wa Nairobi: "Mkubwa, hapa tunauza dakika. Hatuuzi kilomita."

Ana haki. Tafakari maneno yake huku ukitoa simu ulipe. Jiji zima linakuuzia umbali, kutoka Rongai hadi mjini, kutoka mjini hadi Kasarani, na dakika zako linazila bure. Pale ziwani peke yake ndipo unapouziwa muda wenyewe, ukiwa mtupu, bila mahali pa kufika.

Hatua ya nne: Gawaneni vyeo

Wahenga walisema manahodha wengi chombo huenda mrama. Wahenga hawakuwahi kuona mume na mke kwenye boti ya kukanyaga, lakini walikisia vizuri.

Boti hiyo huendeshwa kwa miguu. Pedali huzungusha gurudumu lenye mabapa, mabapa hupiga maji, na chombo husogea kwa mwendo ambao hata kobe asingeuonea wivu. Viti vya mbele vina pedali, vya nyuma ni vya abiria, yaani watoto na mama mkwe. Usukani ni kijiti kilicho kati ya wale wawili wa mbele, na hicho kijiti ndicho chanzo cha ugomvi wote.

Siri yake ni hii. Ukikisukuma, boti haigeuki papo hapo. Kwanza inaendelea kule ilikokuwa ikienda, kwa sababu chombo kinachoelea hakina tairi za kukishika chini. Nawe, kwa kuwa ni mtu wa Nairobi na hujazoea kusubiri, unakisukuma zaidi. Mwenzako anaona umekosea, anakivuta upande wake. Muda si muda boti inatii amri ya kwanza, kisha ya pili, na mnajikuta mnarudi kulekule gatini huku kila mmoja akimweleza mwenzake alichosema tangu mwanzo. Kanuni ya kweli ni kukisukuma kidogo, kisha kuacha. Kanuni hiyo imeokoa boti nyingi na ingeokoa ndoa kadhaa.

Ukipewa boti ya makasia, mambo yanageuka kabisa. Mpiga makasia hukaa akitazama alikotoka, na kule anakoelekea amekupa mgongo. Ukivuta kasia la mkono wa kulia peke yake, omo iliyo nyuma ya mgongo wako huelekea mkono wako wa kushoto. Unajua vizuri kabisa ulikopita, hujui unakoenda, na unatumia nguvu nyingi. Ni chombo ambacho viongozi wetu wengi wangeweza kukiendesha bila kufundishwa.

Hatua ya tano: Zingatia sheria za usafiri

Kanuni za kimataifa za kuzuia migongano baharini zinasema kwamba vyombo viwili vya injini vikikutana uso kwa uso, kila kimoja kigeukie kulia, ili vipishane kushoto kwa kushoto. Kenya tunaendesha gari upande wa kushoto wa barabara. Sasa mchukue dereva wa matatu aliye kwenye likizo, mweke kwenye boti iliyo upande wa mashariki. Mchukue Mswahili wa Lamu aliyekuja kumtembelea mwanawe, mweke kwenye boti iliyo upande wa magharibi. Wanakaribiana katikati ya ziwa. Yule wa Lamu anageukia kulia kwa adabu ya baharini. Yule wa matatu anageukia kushoto kwa adabu ya Thika Road. Wanakutana.

Usiogope. Mgongano wa boti za kukanyaga una sauti kubwa na madhara madogo. Hakuna honi, hakuna makanga wa kutukana kwa niaba yako, wala hakuna askari wa trafiki atakayejitokeza nyuma ya mti. Mnatazamana, mnacheka, mnasukumana kwa mikono. Ndiyo ajali pekee jijini ambayo wahusika huachana wakiwa wamejuana majina.

Hatua ya sita: Starehe sasa

Hii ndiyo hatua ngumu kuliko zote. Baada ya dakika tano umeshapiga picha, umeshazunguka mara moja, na umegundua kwamba ziwa halina upande wa pili wa maana. Mkono utaanza kutafuta simu. Akili itakukumbusha kodi ya nyumba. Mguu utaanza kukanyaga kwa kasi, kana kwamba ukimaliza mapema utarudishiwa pesa.

Acha kukanyaga. Boti haitazama. Itaelea palepale, na kama kuna upepo kidogo itajizungusha yenyewe ikuonyeshe mandhari bila malipo ya ziada. Upande mmoja kuna kilima chenye hospitali na ofisi. Upande wa pili kuna majengo ya katikati ya jiji, ambako kesho utakuwa ukikimbia.

Kisha tazama Uhuru Highway. Juu yake imepita barabara ya kulipia, Nairobi Expressway, iliyofunguliwa mwaka 2022, kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands. Walio kule juu wamelipa ili wafike upesi. Wewe huku chini umelipa ili usifike kabisa. Pungieni mikono. Hakuna sababu ya dharau kati ya wateja.

Hatua ya saba: Jua unaelea juu ya nini

Nahodha mzuri huyajua maji yake. Haya yana mambo.

Mzee Jomo Kenyatta aliifungua bustani hii tarehe 23 Mei 1969, karibu hekta 13 za nyasi, miti na maji kwa ajili ya kila mtu. Watu wakaja. Wakalala kwenye nyasi, wakala njugu, wakasikiliza wahubiri waliojitokeza bila kualikwa, wakapanda boti. Mwaka 1985 Papa Yohane Paulo wa Pili aliongoza misa hapa, na maelfu wakajaza mteremko wote.

Kufikia mwaka 1989, wakubwa wa chama tawala, KANU, wakaitazama bustani hiyo iliyojaa watu wasiofanya chochote, wakahitimisha kwamba haina kitu. Wakachora jengo la ghorofa 60. KICC, fahari ya jiji, lina ghorofa 28. Ndani ya jengo hilo jipya zingekaa ofisi za chama, gazeti lake la Kenya Times, maduka, kumbi, na maegesho ya magari 2,000. Nje ingesimama sanamu kubwa ya Rais Moi, labda ili hata mwenye kupita kwa haraka asisahau kusalimu.

Profesa Wangari Maathai akakataa. Alikuwa na kalamu na shirika lake la kupanda miti, Green Belt Movement, na kalamu akaitumia kwelikweli: aliwaandikia Ofisi ya Rais, mawaziri, tume ya jiji, mashirika ya Umoja wa Mataifa. Kwa balozi wa Uingereza aliandika kwamba kujenga mnara Uhuru Park ni sawa na kujenga mnara ndani ya Hyde Park ya London au Central Park ya New York, jambo ambalo wenyewe wasingelivumilia. Bungeni wakamkejeli. Rais akasema wanaoupinga mradi wana wadudu vichwani. Mahakama ikaitupa kesi yake. Lakini kelele zilikuwa zimeshavuka mipaka, wafadhili wa nje wakajitoa, na jengo likabaki kwenye karatasi. Mwaka 2004 mwenye wadudu kichwani akapewa Tuzo ya Nobel ya Amani, mwanamke wa kwanza wa Afrika kuipata.

Jengo lile lingesimama, leo mwongozo huu ungekuwa wa jinsi ya kufurahia safari ya lifti. Nayo ingehitaji hatua mbili tu: ingia, na usiguse kitu.

Hayakuishia hapo. Mwaka 1992 mama wa wafungwa wa kisiasa waliketi kwenye kona ya bustani, wakagoma kula, wakidai wana wao. Polisi waliwatimua kwa marungu na mabomu ya machozi, mama hao wakahamia Kanisa la All Saints lililo jirani, wakaendelea kudai. Kona ile tunaiita Freedom Corner. Tarehe 27 Agosti 2010 Katiba mpya ilitangazwa rasmi katika bustani hii hii. Na mwaka 2019, michoro ya ile barabara ya kulipia ilipoonyesha kwamba ingemega ukingo wa bustani, watu walipaza sauti tena, na serikali ikaahidi kutoigusa. Mwaka 2021 bustani ilifungwa kwa muda kwa ajili ya ukarabati, na wale waliozoea kulala kwenye nyasi za umma wakajifunza jinsi jiji linavyokuwa dogo usipokuwa na mahali pa kukaa bure.

Kwa hiyo ukimwona jamaa ameinua miguu kwenye pedali, kofia imemfunika uso, boti inajiendea kwa upepo, usimwite mvivu. Anaitumia haki ambayo wengine waliipigania, na anaitumia ipasavyo.

Hatua ya nane: Kuwa kiziwi kwa dakika mbili

Muda ukiisha, mhudumu atapuliza filimbi na kuita namba ya boti yako. Hujasikia. Upepo ulikuwa unavuma. Ataita mara ya pili, sasa akitaja na rangi ya boti. Ziwa zima litakutazama. Geuka taratibu, inua mkono kwa mshangao mkubwa, na uanze kurudi kwa njia ndefu kuliko zote.

Usiizidishe mbinu hii. Kuna mtoto kwenye foleni aliyechorwa chui tangu saa nne asubuhi, na rangi imeanza kumchuruzika.

Ukifika gatini, usiruke. Ukiruka kwenda mbele, mguu wako huisukuma boti kwenda nyuma, na katikati hufunguka nafasi inayokutosha wewe na simu yako. Ngoja mhudumu aishike boti. Mpe mtoto kwanza, kisha mama mkwe, kisha wewe. Kwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani: mtakuwa mmesimama palepale mlipoanzia, bila maendeleo yoyote ya kuripoti.

Ndugu jamaa watakuuliza jioni mlienda wapi. Waambie hamkwenda popote, na mlilipia. Na siku mtu mwenye mchoro mkubwa akija tena kudai kwamba pale Uhuru Park pana ardhi inayokaa bure, usimwachie Profesa peke yake kazi aliyokwisha kuifanya. Mwandikie barua, msainie pingamizi, mpigie kelele. Mwambie ardhi hiyo ina watu, na kwamba watu hao wana shughuli: wanapumzika.